Jini ya pinki, msesewa, na chupa iliyopauka dirishani

Chupa yenyewe dada yangu alikuja nayo Desemba, ile Desemba yetu ambayo mabasi yote yanapandisha huku na mtu asipoonekana nyumbani ukoo mzima unauliza kulikoni. Alikuwa ameiviringisha kwenye kanga katikati ya nguo zake, akaitoa mezani kabla hata hajamaliza chai, akasema haya mdogo wangu, hii ni ya kwako peke yako. Jini ya pinki. Niseme mapema, nikiandika jini humu namaanisha kinywaji, ndivyo tunavyotamka wengi wetu na ndivyo nitakavyoandika mpaka mwisho. Ilikuwa nzuri jamani. Rangi kama ya ndani ya pera lililoiva, kioo cheupe kabisa, unaona mpaka upande wa pili.

Mi nikaiweka dirishani.

Dirisha la sebuleni kwangu linatazama mlima, na zile asubuhi ambazo mawingu hayajafunga jua linapita kwenye chupa linatupa doa la pinki ukutani, doa linatembea taratibu mpaka saa nne hivi linapotea nyuma ya kabati, na nilikuwa naliangalia kila siku nikinywa chai yangu. Tulikunywa kidogo Krismasi, kidogo mwaka mpya, wageni wakaondoka, ikabaki zaidi ya nusu. Ikakaa pale Januari, Februari, Machi. Wa Moshi mnaijua Februari yetu, hata bati la jirani linalia kwa joto.

Aprili rafiki yangu akaja, mvua zimeanza, nikasema leo tufungue ile zawadi. Namimina, naona rangi imekuwa kama ganda la kitunguu. Nikadhani ni mwanga wa chumba, nikasogea kwenye taa, bado ni ganda la kitunguu. Nikanusa. Ile harufu ya stroberi iliyokuwa inakupokea hata kabla glasi haijafika mdomoni haipo, kuna kitu kama jamu iliyosahaulika kabatini, na ukionja unapata spiriti mbele na sukari nyuma, katikati hamna mtu. Iliniuma kweli. Dada alibeba hio chupa mapajani kutoka Dar mpaka Moshi, halafu mi nikaiua kwa kuipenda.

Nilipopata hela nikanunua nyingine ya aina ile ile, nikaiacha ndani ya boksi lake chini ya kabati la jikoni, na siku moja nikamimina kidogo kidogo kutoka kila chupa kwenye glasi mbili, nikaziweka juu ya sahani nyeupe. Mtu angeniambia ni vinywaji viwili tofauti ningekubali. Hapo ndo nikaanza kusoma, kuuliza wauza vinywaji, kujaribu jikoni kwangu, na haya ndo niliyoyapata.

Kwanza kabisa, jini ya pinki ni majina mawili yaliyokaa kwenye kiti kimoja, na wengi tunajua moja tu. Hii tunayoijua, ya rangi ya matunda, ni ya juzi. Gordon's, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1769, ilitoa ya kwake ya pinki 2017, ina stroberi, rasiberi na redikaranti, vile vitunda vidogo vyekundu vya Ulaya, Beefeater wakafuata 2018 na ya stroberi, baada ya hapo kila mtu akatoa ya kwake. Ile ya zamani haikuwa na tunda hata moja. Ilikuwa ya maofisa wa jeshi la majini la Uingereza, karne ya 19, wanachukua jini ya kawaida, hasa ya Plymouth ambayo kiwanda chake kipo tangu 1793 pale pale bandarini kwao, wanadondoshea matone ya Angostura, basi, jini inageuka pinki. Na Angostura ilianza kama dawa. Daktari Mjerumani, Johann Gottlieb Benjamin Siegert, aliyekuwa anatibu wanajeshi wa Simón Bolívar kule Venezuela, aliitengeneza 1824 kwa mizizi na viungo vichungu kwa ajili ya matumbo ya wagonjwa wake, na mji aliokuwa anakaa ulikuwa unaitwa Angostura, ndo jina likabaki kwenye chupa hata baada ya mji kubadilishwa jina ukaitwa Ciudad Bolívar. Mabaharia wakaipokea kwa ajili ya kichefuchefu cha bahari, ila ni chungu hainyweki peke yake, wakaichanganya na jini.

Kwahiyo pinki ya kwanza ilikuwa rangi ya uchungu. Hiki kitu kilinikaa kichwani siku nyingi, na ndo sababu kubwa ya mimi kuandika, kwasababu naona tunaikosea sana hii kitu tunapoinywa nyumbani. Tunaichukulia kama juisi. Tunaimiminia soda tamu, ile ya ndimu au ya machungwa, juu ya kinywaji ambacho tayari kina utamu wake, halafu tunasema mbona inachosha haraka, mbona kesho yake kichwa kinagonga. Inachotaka ni uchungu.

Na huu si ujuzi wa kigeni. Krismasi iliyofuata tulikuwa Kibosho kwa baba mkubwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, imepikwa, watu wamekaa chini ya migomba na viti vya plastiki, na kama ilivyo kwetu mwenyeji akachota na kata akaonja yeye kwanza ndo ikaanza kuzunguka kuanzia kwa wakubwa. Mi nilikuwa nimepanda na chupa yangu ya pinki na toniki, ile soda chungu, za chupa ya kioo kwenye ndoo ya barafu, kwa ajili yetu sisi wa kizazi cha kati. Baba mkubwa akaniita.

"Binti, hicho chekundu ni nini?"

"Shikamoo baba mkubwa. Ni jini, ina stroberi ndani."

"Marahaba. Lete nionje, kidogo tu."

Nikampa kwenye glasi ndogo, jini na barafu, sijaweka kingine, nikiamini namheshimu kwa kumpa yenyewe kama ilivyo. Akaonja, akanyamaza, akaniangalia kwa upole kabisa akasema, "Msesewa uko wapi?"

Kwa wasiojua, msesewa ni mti, gamba lake ndo linaipa mbege ule uchungu wake, linachemshwa kwenye zile ndizi zinapopikwa kabla ya kuchanganywa na ulezi. Baba mkubwa akanieleza kwamba ndizi mbivu ina sukari nyingi, ukiiacha ilivyo inakuwa uji wa watoto, mtu anakunywa kata moja ameshiba utamu, ila ukiweka uchungu mdomo unataka tena na tena, na mtu anakunywa polepole anaongea. Nikachukua ile glasi yake, nikaongeza toniki, nikakata kipande cha ganda la balungi kutoka kwenye mti wao pale pale, nikakikunja juu ya glasi mafuta yake yaruke, nikamrudishia. Akanywa. Akasema, "Hapo sawa. Aika," yaani asante kwa Kichaga. Glasi hakuirudisha.

Naomba mnisikilize hapa vizuri, maana kuna mtu atasoma hii akaenda kuloweka gamba la msesewa kwenye jini. Usifanye hivyo. Msesewa ni wa ukoo mmoja na mti uliotoa dawa ya presha, kuna dawa kali ndani yake, na wapika mbege wanajua kipimo chao walichorithi na wanatumia maji na ndizi nyingi, ukiloweka kwenye spiriti unatoa vitu ambavyo hujui umetoa kiasi gani. Uchungu wa nyumbani upo mwingi na ni salama. Balungi ndo napenda kuliko vyote, ganda lake na ile nyama nyeupe kidogo. Ganda la chungwa nalo linafaa ila ni laini zaidi. Ukibahatika kupata Angostura mjini, kachupa kake kanadumu mno kwasababu ni matone mawili matatu tu kwa glasi, na yenyewe ina kilevi asilimia 44.7 kwahiyo haiharibiki ovyo.

Toniki yenyewe ndo uchungu mkuu, na uchungu wa toniki ni kwinini, kwinini ile ile iliyokuwa inatupigia masikio kengele tulipougua malaria zamani. Inatoka kwenye gamba la mti wa mkwinini, asili yake milima ya Amerika Kusini, ila ulipandwa hata hapa kwetu, Amani kule Usambara, Wajerumani walifungua kituo cha utafiti 1902 wakapanda mashamba ya huo mti, na vita ya kwanza ya dunia ilipowafungia bahari wakawa wanatengeneza kwinini yao kutokana na yale magamba. Kila nikifungua toniki nawaza hilo, kwamba gamba la mti chungu limepita milimani kwetu kabla ya kuwa soda. Ila msije mkadanganyana kwamba toniki inatibu malaria. Marekani kwa mfano sheria yao hairuhusu zaidi ya miligramu 83 za kwinini kwenye lita moja ya toniki, na mtu mzima anayetibiwa kwa kwinini anaweza kupewa miligramu 600 mara tatu kwa siku, hesabu mwenyewe, ni zaidi ya lita 20 kila siku. Homa ikikushika nenda kapime. Na mjamzito, hii habari yote ya jini imsubiri.

Sasa kuandaa. Nitakaa sana kwenye barafu kwasababu barafu ndo iliyoniaibisha mbele za watu. Nilialika wifi zangu, nimepanga kila kitu, glasi kubwa za mguu nilizozipata kwenye vyombo vya mtumba sokoni, nzito, mdomo mwembamba kuliko tumbo, nimezisugua kwa chumvi mpaka zinalia. Jini sawa, toniki sawa, balungi sawa. Wifi mkubwa akanywa funda moja akaweka glasi chini taratibu, akanisogelea sikioni akasema, "Wifi, hii ina dagaa." Na kweli ilikuwa nayo. Friza langu lilikuwa na dagaa wa Mwanza kwenye mfuko haujafungwa vizuri, barafu ipo kwenye trei wazi juu yake, umeme ulikatika usiku ule ukarudi, barafu ikayeyuka kidogo ikaganda tena imeshanyonya kila harufu iliyokuwa mle ndani. Barafu inavuta harufu kama siagi inavyovuta, na kwenye chai ya barafu usingejua, ila jini ya pinki harufu yake ni nyembamba, kitu chochote kinaipita.

Tangu siku ile barafu yangu inakaa kwenye kopo lenye mfuniko, ndani ya mfuko, upande wake peke yake. Maji nachemsha kwanza, nayaacha yapoe, ndo nayagandisha. Na sitengenezi vile vidogo vidogo tena, nagandisha kwenye vikombe vya plastiki vipande vikubwa vya ngumi ya mtoto, kwasababu kipande kikubwa kinayeyuka polepole, eneo linaloguswa na kinywaji ni dogo ukilinganisha na ukubwa wake. Watu wengi wanaogopa kujaza barafu wakidhani italowesha kinywaji, wanaweka vipande viwili vinaelea, vinayeyuka dakika kumi, kinywaji kinakuwa maji ya uvuguvugu. Jaza glasi. Barafu nyingi zinapozana zenyewe kwa zenyewe, zinakawia kuyeyuka. Kwa Arusha mnaweza kupuuza kidogo, nyie mko mita 1400 huko juu na jioni mnavaa sweta, sisi tuko kama mita 800 na kitu, hapa barafu ni nusu ya kazi.

Kipimo changu ni mililita 50 za jini na toniki mililita 150, yaani moja kwa tatu. Sina kile kipimo cha chuma cha kaunta, natumia kikombe cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi, kile chenye mistari ya mililita, nimekiosha vizuri na kinakaa na jini sasa. Na ninakisema hiki kwa moyo wote, pima. Mililita 50 za jini ya asilimia 37.5 zina kilevi halisi kama mililita 19. Chupa ya bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina 25. Kwahiyo ukipima, umekunywa pungufu ya bia moja, upo sawa na unaendelea na maongezi. Ila ukimimina kwa jicho kwenye ile glasi kubwa, na zile glasi zinadanganya sana, unaweza kujikuta umeweka 120, hio ni mililita 45 za kilevi, karibu bia mbili kubwa kwenye glasi moja tamu ya pinki ambayo unaimaliza kwa dakika kumi na tano. Wanaosema jini ya pinki ni ya hila, inakunyemelea, mimi naona hila iko kwenye mkono unaomimina. Mgeni wangu anayeendesha namuandalia glasi ile ile, barafu ile ile, toniki, choya kidogo, yale maua mekundu makavu, kwa rangi na ganda la balungi, bila jini kabisa, na anashika kitu kizuri kama wenzake bila kuulizwa ulizwa.

Toniki iwe ya baridi tayari, itoke kwenye friji, usitegemee barafu ifanye kazi hio, na uimimine taratibu kwa ubavu wa glasi ili gesi isitoroke. Kisha kijiko kimoja, zungusha mara moja tu, nyanyua kutoka chini, acha. Mi napendelea chupa ndogo za kioo, moja inatosha glasi mbili zinaisha hapo hapo, kwasababu toniki ya chupa kubwa ya plastiki kesho yake ni maji ya sukari yenye uchungu yasiyo na uhai. Matunda weka kipande kimoja au viwili, sio kachumbari. Stroberi moja imekatwa katikati. Jani la mnanaa ukiligonga kiganjani. Pilipili manga punje tatu, hii watu hawaamini mpaka wajaribu, inainua stroberi kweli kweli. Limao mi siweki kwenye ya pinki, linakata lile tunda, ila shemeji yangu haelewi hilo na sijamlazimisha.

Kwenye kutunza sasa, ndo mzizi wa habari. Jini ya kawaida nyeupe ni ngumu, itakaa miaka. Ya pinki ni tofauti kwasababu mara nyingi rangi na harufu yake vinatokana na matunda, na rangi ya matunda mekundu ni kitu kinachovunjwa na mwanga, hewa na joto, vitu vitatu ambavyo chupa yangu ya nusu pale dirishani ilikuwa inavipata vyote kwa pamoja. Ni kama kanga nyekundu ukiianika juani kila siku. Kilevi chenyewe kipo pale pale, haiozi, haikudhuru, ila kile ulichoinunulia kimeondoka. Kwahiyo kabatini, gizani, mbali na jiko, na sio juu ya friji, juu ya friji kuna joto la mashine muda wote na nyumba nyingi naziona chupa zimepangwa huko kama mapambo. Kama ilikuja na boksi usilitupe, liache liivalie.

Isimame. Usiilaze kama mvinyo. Mvinyo unalazwa ili kizibo cha gome kisikauke, ila kilevi kikali kikikaa kinagusa kizibo kwa miezi kinakila na kinachukua ladha yake, na hata vya kuzungusha kuna mpira ndani yake. Funga kwa nguvu kila ukimimina, papo hapo, sio baada ya wageni kuondoka. Ikifunguliwa mi najipa miezi sita, na ikifika mwaka sitegemei tena kitu, nachukua kalamu ya alama naandika tarehe ya kufungua chini ya chupa.

Friza je? Inaweza kukaa, haigandi, friza la nyumbani linafika kama 18 chini ya sifuri na jini ya asilimia 37.5 inahitaji baridi zaidi ya hapo. Ila baridi kali inaziba harufu, ukiimimina ikitoka friza unakunywa ubaridi tu mpaka ipate joto kidogo. Naitoa kabatini, barafu inafanya kazi yake. Lakini hilo la kuganda lina faida moja, kama chupa yako imeandikwa asilimia 37.5 na ikageuka jiwe kwenye friza la kawaida, kuna mtu ametia maji.

Na hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo linanikera sana, chupa za kuchakachua. Niliwahi kuuziwa moja, duka silitaji, pinki imeng'aa kama rangi ya kucha, haina harufu ya tunda wala ya ule mti wa juniperi ambao bila tunda lake hakuna jini duniani, na ulimi ulibaki unachoma. Nikaimwaga yote kwenye sinki na hela yangu ikaenda nayo. Siku hizi siondoki dukani sijatazama stempu ya TRA, zile za kielektroniki zilizoanza kwenye pombe kali 2019, na kuna programu ya simu inaitwa Hakiki Stempu unaipiga picha inakuambia ni ya kinywaji gani. Inachukua muda mfupi sana. Muuzaji akinuna nunua kwingine, pombe ya kuchakachua inaweza kukupofusha, na macho yako ni ya thamani kuliko uso wake.

Mwisho nawaambia ninachotengeneza mwenyewe, maana kuna miezi hela ya chupa ya nje haipo na sioni sababu ya kukosa. Nachukua jini nyeupe ya kawaida, hata hizi za kwetu zinazotengenezwa hapa hapa Tanzania, chupa moja, stroberi kama gramu 250, zile wanazouza Arusha kwenye vikopo vya plastiki, nachagua ndogo zilizoiva mpaka ndani, kubwa za maji sitaki. Naosha, nakausha kabisa na taulo, nakata, naweka kwenye chupa ya mdomo mpana iliyochemshwa, na ganda la balungi kipande kimoja. Kabatini gizani. Asubuhi natikisa, jioni natikisa. Siku ya kwanza jini inakuwa na moshi wa pinki chini, siku ya pili stroberi zinaanza kupauka, siku ya tatu zimekuwa nyeupe kama samaki aliyechemshwa na rangi yote iko kwenye jini. Hapo hapo nachuja, kwa chujio kwanza halafu kwa kitambaa safi cha pamba nikiacha idondoke yenyewe, ukikamua inakuwa na tope. Ukiziacha wiki mbili inakuja ladha ya majani. Sukari mi siweki, ukipenda weka kijiko kimoja. Choya ni haraka zaidi, maua makavu sita kwenye glasi ya jini, ndani ya saa moja rangi imeiva, chachu yake nzuri, ila usiisahau usiku kucha inakuwa kali mno.

Hii ya nyumbani haina miezi sita. Natengeneza nusu chupa nusu chupa, naimaliza ndani ya wiki tano, sita.

Ile chupa iliyopauka sikuimwaga. Nilitia choya kidogo na pilipili manga, nikatumia kulowekea zabibu kavu za keki ya Pasaka. Na ya pili, ile ya kwenye boksi, imebaki robo, jana nimeihamishia kwenye kichupa kidogo cha kioo mpaka shingoni ili hewa isipate nafasi, nimekifunga, nimekiandika tarehe. Kiko nyuma ya pipa la unga, kinasubiri, maana baba mkubwa amepiga simu anashuka mjini Jumamosi kwenda kliniki ya macho na atapita hapa, na ameuliza kama balungi nazo au apande mtini achume aje nazo.